Nguchiro Aliyekivunja Kigae cha Ukoo

Paukwa!

Pakawa!

Hamjala leo? Hata mtoto aliye mgongoni kwa mamake ameitikia kuwashinda. Nawaita tena. Paukwa!

PAKAWA!

Ehee! Sasa mko macho. Watoto, sogeeni mbele. Wakubwa, kaeni popote, lakini msijifanye mmekuja kuwasindikiza watoto. Hadithi hii ni yenu pia, tena sana.

Hapo zamani za kale, katika nyika ya Taru, nyika ile ya vumbi jekundu na miiba, palikuwa na ukoo wa nguchiro. Nguchiro mnamjua? Mdogo, mwembamba, pua mbele, mkia nyuma, hatulii. Ukimtazama huku, yuko kule. Ukoo huu ulikaa ndani ya kichuguu kikubwa. Mchwa wenyewe walikuwa wameshahama. Nguchiro walifanya kila kitu pamoja. Waliwinda pamoja. Walikula pamoja. Walichanana manyoya pamoja. Jua likitua walilala rundo moja, huyu juu ya yule, yule juu ya huyu, hujui mguu huu wa nani wala mkia ule wa nani.

Na walikuwa na namna yao ya kula mayai. Nguchiro akiokota yai, hahangaiki nalo kwa meno. Analipa jiwe mgongo, analishika kwa miguu ya mbele, halafu analirusha kinyumenyume, linapita katikati ya miguu yake mpaka kwenye jiwe. Pwaa! Yai limepasuka. Mtoto wa nguchiro alijua kurusha kabla hajajua adabu.

Kiongozi wao alikuwa jike, Bibi Nyamvula. Kwa nguchiro hao mwanamke ndiye aliyeshika ukoo, na mwanamume asiyetaka alihama. Msinune, akina baba, mimi nasimulia tu. Bibi Nyamvula alikuwa mkali. Alikuwa pia na kikohozi kisichomwacha, kohoo, kohoo, na ukimuuliza anakwambia ni vumbi.

Bibi Nyamvula ndiye aliyekitunza Kigae.

Kigae kilikuwa kipande cha ganda la yai la mbuni, kikali kama wembe. Wenyewe walisema yai hilo lilipasuliwa na nyanya yao wa kwanza, siku alipouanzisha ukoo. Tangu hapo, kila kijana aliyeua nyoka wake wa kwanza aliitwa mbele ya kichuguu, siku waliyoiita Damu Moja, akachanjwa chale begani. Chwii! Damu inatoka. Njoo wewe wa pili. Chwii! Kigae kilekile. Njoo wewe wa tatu. Chwii! Kigae kilekile. Hakikuoshwa. Hakijawahi kuoshwa! Kilikuwa cheusi kwa damu ya vizazi na vizazi. Ukisema kioshwe, Bibi Nyamvula anakuja juu: "Unataka kuwaosha mababu, wewe?" Unafyata mkia, unanyamaza.

Basi mwaka huo, katika vijana wa kuchanjwa, alikuwapo binti jina lake Mbeyu.

Mbeyu huyo, jamani, alikuwa mwepesi! Swila anainua kichwa, Mbeyu ameshamzunguka. Swila anageuka, Mbeyu hayupo. Swila anachoka, kwa! Amekwisha. Mbeyu alimuua swila wake kabla ya wenzake wote, kwa hiyo yeye ndiye angechanjwa kwanza. Nyuma yake angesimama Chengo. Chengo alikuwa kijana mcheshi, mwenye sikio moja lililokatika, aliyempenda Mbeyu, na Mbeyu alimpenda. Walikuwa hawajalala pamoja kimapenzi bado. Walichanana manyoya na kuchekeana tu, mnaijua hali hiyo, naona baadhi yenu mmeinamisha macho. Nyuma ya Chengo wangefuata vijana wengine wote wa ukoo.

Sasa, wakati huo nyikani kulikuwa na ugonjwa. Wanyama waliuita Mnyauko. Mimi sitawazungusha. Mnyauko ndio huu sisi tunaouita UKIMWI, na kijidudu chake ndicho VVU. Kinaingia kimya. Kinakaa kimya. Mnyama anakula, anacheza, ananenepa, kumbe anacho. Siku zinakwenda, halafu mwili unaanza kulegea. Kikohozi hiki, homa hii, manyoya yanatoka, puu! Amekufa. Nguchiro wakifiwa hivyo walisema bundi ameroga. Maskini bundi, alirushiwa mawe kwa jambo asilolijua.

Aliyeujua ugonjwa huo ni Bi Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kushinda kichwa chake. Hondohondo na nguchiro ni majirani wa siku nyingi. Nguchiro wanafukua, hondohondo anaokota panzi wanaoruka. Kipanga akitokea, hondohondo anapiga kelele, kwe-kwe-kwe! Nguchiro, yup! Shimoni. Bi Hondohondo alikuwa analalia mayai, na nyinyi mnajua hondohondo jike akilalia mayai hujifungia ndani ya tundu la mti, akalizibia tope, ukabaki ufa mwembamba wa kupitishia mdomo. Kwenye ufa huo ndipo alipowapimia wanyama. Anakuchoma kidogo kwa mwiba mpya, tone la damu linadondoka kwenye jani. Jani likitoa mstari mmoja, huna Mnyauko. Likitoa mistari miwili, unao. Kisha mwiba anautupa kwenye shimo la taka chini ya mti, na kwa mnyama mwingine anachukua mwiba mwingine.

Kila asubuhi aliwaita nguchiro. "Kwe! Njooni mpimwe!"

Nguchiro walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Kwa mdomo huo? Ukiijua siri yangu wewe, si nyika nzima italala nayo?"

Wakaenda zao kufukua jongoo.

Ikafika siku ya kuamkia Damu Moja. Asubuhi hiyo Mbeyu alikuwa zamu, amesimama juu ya kichuguu akichunga kipanga asije. Akapita kanga, kanga yule mwenye madoadoa, akamwita pembeni.

"Mbeyu, nimetumwa. Ngowa anakusalimu."

Mbeyu akashtuka. Ngowa alikuwa kijana wa ukoo wa ng'ambo ya korongo. Msimu uliopita, kabla ya Chengo, Mbeyu na Ngowa walikuwa wapenzi, na hao walilala pamoja. Ngowa alikuwa mtanashati! Manyoya yanameta, kifua mbele, akipita majike wanajikwaa.

"Anasemaje?" Mbeyu akauliza.

"Anasema amepima. Anao Mnyauko. Anaomba na wewe ukapime."

"Ngowa gani? Ngowa yule mnene?"

"Yule yule mnene," akasema kanga. "Hata leo ni mnene." Akaenda zake.

Mbeyu akajitazama mwili wote. Akajiambia, mimi mzima. Nakimbia. Nakula. Nimemuua swila. Zamu ilipokwisha akashuka, akaenda kwenye mti wa Bi Hondohondo. Akaupita. Akarudi. Akaupita tena. Akarudi.

"Kwe!" ikatoka sauti kwenye ufa. "Umepoteza nini hapa, mwanangu? Nikusaidie kutafuta?"

"Shikamoo, Bi Hondohondo."

"Marahaba. Kaa. Lete mguu. Usiogope, ni kama kuumwa na siafu."

Akachomwa. Tone likadondoka kwenye jani, ndo! Wakangoja. Mstari wa kwanza ukatokea. Mbeyu akaanza kutabasamu. Wakangoja. Polepole, pembeni ya ule wa kwanza, ukatokea mstari wa pili.

Mbeyu akakaa chini, pu!

"Nitakufa lini?" akauliza.

"Nani amekwambia unakufa?" Bi Hondohondo akautoa mdomo wote nje ya ufa. "Sikiliza, na usinikatize. Liko gome la mti ninalolijua mimi. Utalitafuna kila asubuhi jua linapochomoza. Kila asubuhi! Sio ukikumbuka. Sio ukiumwa. Ukiwa mzima unatafuna, ukiwa na huzuni unatafuna, siku ya harusi yako unatafuna. Gome haliui kijidudu, linakilaza usingizi. Kikilala, wewe unaishi mpaka uzeeke, meno yakutoke yenyewe. Kikilala fofofo, na mimi nikapima nikaona kimelala, hata mwenzio humwambukizi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Utamwambia nani?"

"Mimi? Mdomo ni mkubwa, ndiyo, lakini una mlango, na ufunguo wa mlango huo unao wewe."

Mbeyu akalia. Alilia sana, na Bi Hondohondo akamwacha alie. Halafu ghafla akanyamaza, macho yakamtoka.

"Bi Hondohondo! Kesho ni Damu Moja. Mimi ndiye wa kwanza. Kigae kikitoka begani kwangu kinaingia begani kwa Chengo!"

"Na kikitoka kwa Chengo?"

"Kinaingia kwa wote."

Wakatazamana.

"Nitasema naumwa tumbo," Mbeyu akasema. "Nitabaki shimoni, nisichanjwe."

"Utaikinga damu yako, sawa. Na Kigae? Mwaka jana kilipita wapi? Mwaka juzi? Wale mliowazika mkamsingizia bundi, kiliwagusa au hakikuwagusa?"

Mbeyu alijua. Kila aliyekufa alikuwa na chale begani.

"Nikisema watanifukuza," akasema. "Na Chengo hatanitaka tena."

"Huenda," akasema Bi Hondohondo. "Siwezi kukudanganya."

Wenzangu, nyinyi mngefanyaje? Usinijibu haraka, wewe uliyeegemea mlango. Nguchiro mmoja peke yake nyikani, bila rundo la kulala nalo, bila wa kumwonya kipanga akija, hamalizi msimu. Hilo Mbeyu alilijua. Alirudi nyumbani, akajilaza katikati ya rundo, Chengo akamwekea kidevu mgongoni kama kawaida yake, na Mbeyu hakupata usingizi hata wa kuonja.

Kukacha. Mbeyu akatafuna gome lake la kwanza. Chungu! Akameza.

Ngoma ikaanza. Nguchiro hawana ngoma, wanapiga ardhi kwa miguu. Ndi! Ndi! Ndi! Vumbi linapanda. Wazee upande huu, watoto upande ule, vijana wamejipanga mstari mmoja, mabega wameyalamba yanang'aa. Bibi Nyamvula akatoka ndani ya kichuguu, kohoo, kohoo, amekibeba Kigae juu ya jani pana. Wote wakainama.

"Mbeyu!" akaita. "Mwuaji wa swila! Lete bega!"

Vigelegele! Mbeyu akatoka mbele. Akasimama. Hakuleta bega.

"Lete bega, mjukuu wangu."

"Siwezi, Bibi."

"Huwezi nini? Unaogopa kidonda?"

"Siogopi kidonda." Sauti ya Mbeyu ilisikika mpaka mwisho wa mstari. "Jana nilipimwa kwa Bi Hondohondo. Ninao Mnyauko. Kigae kikinigusa mimi kisha kikamgusa Chengo, nitakuwa nimempa. Na Chengo atampa anayefuata. Mwambieni bundi anisamehe, sio yeye aliyetuua miaka yote hii. Ni Kigae."

Salale! Mmewahi kuona siafu wakimwagiwa maji ya moto? Ndivyo walivyotawanyika. Mama akamvuta mwanawe mkia. Mzee mmoja akaliondoa fungu la mbawakawa walilokuwa wamelipanga kwa karamu, asije Mbeyu akalipumulia. Mwingine akaanza kujikung'uta manyoya, "Jana alinichana mimi! Alinichana hapa!" Mwingine akapiga ukelele, "Tumelala naye rundo moja! Tumekwisha!"

"Toka!" akasema Bibi Nyamvula. "Toka mbele yangu, toka kichuguuni, toka ukooni!"

Mbeyu akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka pembeni kabisa, penye jiwe la kupasulia mayai. Alitazama mstari wa vijana. Alimtafuta Chengo kwa macho. Chengo alikuwa amesimama palepale, mdomo wazi, hajui alie au acheke.

Na sasa, wenzangu, sikieni kituko. Wamemfukuza Mbeyu. Wameficha chakula. Wamejikung'uta manyoya. Halafu Bibi Nyamvula anakohoa, kohoo, kohoo, anakiinua Kigae, kile kile cheusi, kile kile kisichooshwa, anasema, "Haya, balaa limeondoka. Tuendelee. Chengo, lete bega!"

Mmesikia? Wamekimbia manyoya, wameshika wembe!

Chengo akatazama Kigae. Akamtazama Bibi. Ukoo wote unamtazama yeye. Miguu ikampeleka mbele, maana mwili wa nguchiro umezoea kutii. Bega likainama. Kigae kikashuka.

"La!" Mbeyu akapiga yowe.

Mnakumbuka nilivyowaambia wepesi wake? Swila hakumwona, na Bibi Nyamvula hakumwona. Fyuu! Kigae kimetoka juu ya bega la Chengo, kiko mikononi mwa Mbeyu, amekishikia kwenye lile jani pana la Bibi asijikate. Mbio mpaka penye jiwe. Akalipa jiwe mgongo. Akainama. Akakirusha kinyumenyume, kikapita katikati ya miguu yake.

PWAA!

Kigae cha mababu kikawa vipande, na vipande vikawa vumbi.

Bibi Nyamvula akakohoa mpaka akapiga magoti. Alipopata pumzi akanyoosha mkono. "Mng'ateni! Amemvunja nyanya yetu! Mng'ateni afe!"

Hakuna aliyekwenda.

"Mng'ateni, nimesema!"

"Anza wewe, baba fulani," akasema mmoja.

"Mimi? Ana Mnyauko yule! Nenda wewe."

"Na mimi nina watoto."

Wakasukumana pale, nenda wewe, nenda wewe, mpaka watoto wakaanza kucheka. Mbeyu amesimama penye jiwe peke yake, kifua kinapanda na kushuka, anangoja meno. Meno hayakuja. Akaja Chengo.

Alikuja taratibu, mbele ya wote. Alipofika akaketi karibu naye, ubavu kwa ubavu, akaanza kumchana manyoya ya shingoni. Wazee wakashika vichwa. Chengo akainua uso kuutazama mti wa Bi Hondohondo, uliokuwa hapo karibu.

"Bi Hondohondo!"

"Naam, mwanangu!"

"Kumchana manyoya kunaambukiza?"

"Hapana!"

Na nyinyi hapa mnisaidie kujibu, msimwachie ndege kazi yote.

"Kulala naye rundo moja kunaambukiza?"

Hapana!

"Kula naye fungu moja la mbawakawa?"

Hapana!

"Akinikoholea? Akinikumbatia? Akilia begani kwangu?"

Hapana! Hapana! Hapana!

"Na Kigae kinachotoka kwa huyu kikaingia kwa yule?"

NDIYO!

"Na kulala kimapenzi bila kupima na bila kinga?"

NDIYO!

"Na kumtazama mtu kwa macho, ukaona manyoya yanameta, ukasema huyu ni mzima?"

"Hapo," akasema Bi Hondohondo, "ndipo mnapoliwa wote."

Chengo akasimama. Akamwambia Mbeyu kwa sauti ya chini, lakini wa karibu walisikia. "Ungenyamaza leo ningechanjwa, na nisingejua. Umekubali kupoteza kila kitu kwa ajili ya bega langu. Sasa mimi naogopa kupima, naogopa sana, lakini naenda. Utanishika?"

"Nitakushika," akasema Mbeyu.

Wakaenda wawili. Wakafika mtini. Ndo! Jani la Chengo likatoa mstari mmoja, wakangoja, wakangoja tena, ukabaki mmoja. Chengo akaruka juu mpaka akagonga tawi. Akageukia mstari wa vijana kule mbele ya kichuguu, akaanza kupiga ardhi kwa miguu, ndi, ndi, na kuimba wimbo aliouzua papo hapo:

*Sichanjwi, sichanjwi, kwa kigae cha mwenzangu!*
*Napimwa, napimwa, niijue hali yangu!*

Kijana mmoja akatoka mstarini. Mamake akamshika mkia, kijana akauchomoa. Akatoka wa pili. Wakatoka mapacha wawili, wanasukumana nani atangulie. Ndi! Ndi! Ndi! Mstari wote wa Damu Moja ukageuka, ukaacha kichuguu, ukaelekea mtini, wimbo mdomoni. Na kila mmoja alichomwa kwa mwiba wake, mwiba mpya, ukatupwa shimoni.

Wengi walikuta mstari mmoja. Wachache walikuta miwili, kwa kuwa mapenzi ya gizani hayakuanza na Mbeyu. Waliokuta miwili walilia, na Mbeyu aliwapokea mmoja mmoja, akakaa nao, akawaonyesha gome, akawaambia, "Chungu siku ya kwanza. Baadaye unazoea." Hakuna aliyekimbiwa. Siku hiyo hakuna aliyekimbiwa!

Wazee nao wakaanza kusogea. Huyu amejifanya anapita tu. Yule amesema anamsindikiza mkewe. Jua lilipoanza kuinama, mbele ya kichuguu alikuwa amebaki mmoja.

Bibi Nyamvula alikuwa ameketi penye jiwe, anatazama vumbi la Kigae. Mbeyu akamwendea.

"Bibi, twende."

"Niliwachanja mimi," akasema Bibi Nyamvula. Macho yalikuwa yamejaa. "Wote wale. Nilikuwa naimba huku nawachanja. Hata binti yangu nilimchanja, kisha nikamzika, kisha nikampiga bundi mawe."

"Hukujua, Bibi."

"Hondohondo aliniita kila asubuhi. Nilimcheka."

Mbeyu akampa bega la kuegemea. Wakaenda polepole, kohoo, kohoo, mpaka mtini. Vijana wakampisha. Bibi Nyamvula akatoa mguu. Ndo! Mstari wa kwanza. Mstari wa pili.

Ukoo wote ulikuwa unatazama. Bibi Nyamvula akalitazama jani kwa muda mrefu. Kisha akageuka, akauliza kwa sauti ya mtoto, "Mbeyu, gome bado lipo?"

"Lipo, Bibi. Lipo la kutosha."

Na usiku wake, katika lile rundo, Mbeyu walimweka katikati kabisa, pale penye joto, na Bibi Nyamvula akalala ubavuni kwake.

Mvua zikaja, zikaenda. Kikohozi cha Bibi Nyamvula kikapungua, kikatoweka, akanenepa, akarudi kwenye ukali wake. Lakini ukali wenyewe sasa ulikuwa wa namna nyingine. Kila alfajiri alipanda juu ya kichuguu akapiga ukelele, "Amkeni! Nani hajatafuna? Nikukute hujatafuna!" Damu Moja ikafutwa. Kijana akiua nyoka wake, alipelekwa mtini kwanza, apime, ajijue, kisha ngoma ichezwe mpaka jioni bila tone la damu.

Mbeyu na Chengo je? Walimwendea Bi Hondohondo kabla ya kulala pamoja, wakamwuliza bila kuona haya. Akawaambia, mpaka nipime nione kijidudu kimelala fofofo, tumieni kinga. Kinga ya nguchiro ilikuwaje mimi sikuiona, sikuwapo. Yetu sisi ni kondomu, na mnajua zinakopatikana, msinitolee macho. Mbeyu alitafuna kila asubuhi, hakuruka hata moja. Bi Hondohondo akapima, akasema, "Kimelala!" Wakaoana. Mbeyu akashika mimba, akaendelea kutafuna. Akajifungua watoto, na Bi Hondohondo akawatunza kwa dawa yao na kuwapima kila ilipopasa, mpaka ikafika siku ya kipimo cha mwisho.

Siku hiyo ukoo mzima ulikuwa chini ya mti. Hakuna aliyekwenda kuwinda. Bi Hondohondo alikuwa ameshavunja tope lake, ametoka nje, anaonekana mzima mzima. Akamchoma wa kwanza, mtoto akapiga kelele, ngwii! Ndo. Wakangoja. Mstari mmoja. Akamchoma wa pili. Mstari mmoja. Mbeyu alikuwa amefumba macho, makucha yameshika mkono wa Chengo mpaka unauma. Akachomwa wa mwisho, yule mdogo kuliko wote, mwenye pua kubwa ya babake. Wakangoja. Wakangoja. Wakangoja.

"Mmoja!" akapiga kelele Bi Hondohondo. "Kwe-kwe-kwe! Ni mmoja! Wote wazima!"

Vigelegele vilipigwa siku hiyo, korongo likaitikia. Ngowa, kule ng'ambo, akavisikia, akajua. Chengo akalia kama mtoto. Bibi Nyamvula, mzee mzima, akapanda juu ya kichuguu akacheza mpaka akaanguka, akainuka, akacheza tena. Na Mbeyu, mama watu, akawalaza wanawe kifuani, akawalamba masikio mmoja mmoja, polepole, hana haraka tena na lolote.

Sasa nawaambia wazi, nisije nikasikia mtu ameondoka na ya kwake. Lile gome ni la nguchiro. Asiende mtu porini kuchemsha magome. Dawa yetu iko hospitali na zahanati, ni vidonge, vinamezwa kila siku bila kuruka. VVU havionekani usoni. Vijana, kabla ya kupendana mpime, wote wawili. Msipopima tumieni kondomu, na mkiweza kungoja, ngojeni. Wembe, sindano, chombo chochote chenye damu ya mwenzio, kisiguse mwili wako hata kama kimetoka kwa babu yako. Mama mwenye VVU akitumia dawa anaweza kuzaa mtoto mzima. Na mwenye VVU ni mwenzako. Kula naye, lala naye chumba kimoja, mkumbatie. Kinachoua kuliko kijidudu ni kunyamaza na kukimbiana.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa kituo cha kupimia. Kuingia, wenzangu, ni juu yenu.